Ticha Sarasamma na Seva ya Kiwanda cha Miavuli

Kabla ya mwaka ule wa seva, Ticha Sarasamma alijulikana hapa Alappuzha, mji wetu wa pwani kusini mwa India, kwa jambo moja tu: hakosei. Shule yake ya kupiga chapa ilikuwa ghorofani, mtaa wa Mullackal, juu ya duka la masufuria, na kwa miaka thelathini na moja ilitoa makarani wa mahakama, makatibu wa ofisi na mabinti wengi waliokuwa wakisubiri kuolewa. Enzi zile taipureta zilikuwa kumi na nne. Ukipita chini ulidhani mvua inanyesha juu ya mabati. Kufikia wakati ninaousimulia zilikuwa zimebaki sita zinazofanya kazi, pamoja na kompyuta mbili kuukuu alizozinunua ili watu wasiseme amepitwa na wakati.

Alikuwa na kanuni aliyowafundisha wote: macho kwenye karatasi, vidole vinajua njia, na maana ya maneno si kazi yako. Mwenyewe aliishika kuliko mwanafunzi yeyote. Alikuwa akiwapigia chapa mawakili, na safari moja alipiga kurasa kumi na moja za kesi ya shamba, akazipeleka safi bila doa. Jioni wakila, mumewe Divakaran akamwambia kwa masikitiko kwamba ndugu yake ameshtakiwa.

"Kashtakiwa kwa kosa gani?" Ticha akauliza.

Jina la shemeji yake alikuwa amelipiga mara ishirini na saba mchana ule, wala hakulisoma hata mara moja.

Mimi niko kwenye meza ya kukata vitambaa katika kiwanda cha miavuli cha Chackochan, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho. Ya nyumbani kwao alinihadithia Divakaran, dereva mstaafu wa boti za abiria za serikali, mtu asiyeweza kulala na habari tumboni.

Kiwanda chetu si kikubwa. Vitambaa vinakatwa hapa, vinapelekwa majumbani kwa wanawake kama mia mbili wanaoshona, halafu vinarudi kuvalishwa njiti na mipini. Yote hayo yalikuwa yakiandikwa kwenye madaftari, na madaftari yalikuwa na miandiko saba tofauti. Mwaka uliotangulia duka moja la Kozhikode liliagiza miavuli ya watoto, ile yenye masikio ya paka. Likapelekewa miavuli myeusi ya wazee, katoni arobaini, wiki ile ile shule zinafunguliwa na mvua ya Juni imeshaanza kumwagika. Mwenye duka alipiga simu akatukana mpaka sauti ikamkauka.

Baada ya hapo Chackochan akaamua kwamba madaftari basi. Akamleta mhandisi kutoka Kochi, jina lake Roy, akafunga seva, kompyuta kuu ya kuhudumia nyingine zote, kwenye chumba cha sampuli: sanduku jeusi, halina hata kioo chake, likivuma chini ya miavuli iliyotundikwa. Ndani yake akaweka Linux, mfumo wa kuiendesha. Kilichobaki ilikuwa kuweka ile programu ya biashara yenyewe, programu huria, ambayo yeyote anaweza kuichukua bure, akaipasua tumbo na kuona ilivyoshonwa. Roy alikuwa mtu makini, aliandika kila hatua kabla ya kuifanya. Alipofikia ukurasa wa arobaini na sita wa maandishi yake, viza yake ya Qatar ikatoka. Siku nne baadaye hatukuwa naye.

Karatasi zikabaki kwa Shibu. Huyu ndiye fundi wetu wa umeme, anatengeneza cherehani, feni, simu za watu, na kompyuta pia kwa kubahatisha. Alikaa na seva wiki nzima. Kila alipofika ukurasa wa tisa mashine ilimkatalia. Alianza upya, ikamkatalia palepale. Mwishowe alikuwa akitoka kwenye kile chumba amekunja uso, na sisi tulijua tusimwambie neno.

Ndipo Jalaja, msimamizi wetu wa ofisi, akapanda ngazi za Mullackal. Alikuwa mwanafunzi wa Ticha zamani.

"Ticha, nina kazi ya kupiga chapa. Kurasa arobaini na sita."

"Nakala ngapi?"

"Hata moja. Unaipigia ndani ya mashine, basi."

Ticha akavua miwani. "Sasa mashine itafanya nini nayo?"

"Itafanya inachoambiwa. Shida ni kwamba Shibu wetu anapiga kwa vidole viwili, kama kuku anadonoa mchele. Lazima anakosea mahali. Mashine hii ukikosea nukta moja tu, imenuna."

"Kwa hiyo nisome au nipige?"

"Upige tu, Ticha. Kama kawaida yako."

Alikuja kesho yake, mwanzoni mwa Aprili, joto lile la kabla ya mvua. Miaka yake hamsini na minne, sari ya pamba iliyopigwa pasi, mwavuli mkononi ambao haukuwa wa kiwanda chetu, jambo ambalo wasichana wa kufungasha waliliona mara moja. Kabla ya kugusa kitu aliomba kiti cha juu zaidi, akaomba kibao cha kuegemezea karatasi. Shibu alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Ticha, hiyo si barua ya maombi ya kazi. Hizo ni amri. Ukiharibu, sijui kurudisha."

"Wewe uliharibu mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na bado inavuma. Nipishe mwanga."

Akaanza. Mimi nilikuwa nimepeleka vipande vya kitambaa, nikakawia kwa makusudi. Kioo, cha kuazima kutoka ofisini, kilikuwa cheusi, herufi nyeupe zikitokea upande wa kushoto kwa kasi niliyoisikia tu utotoni kwenye mtaa wa Mullackal. Hakukitazama kioo. Macho yalikuwa kwenye karatasi, na kila mwisho wa mstari alisimama mpaka Shibu aseme, "Endelea." Ukurasa wa saba. Wa nane. Wa tisa.

"Endelea," Shibu akasema. Kisha akasema, "Hebu ngoja. Ngoja! Imekubali?"

Maandishi yalikuwa yakishuka kwenye kioo yenyewe, mstari juu ya mstari, kama mtu anayemwaga choroko.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimepiga kilichoandikwa."

"Mimi pia nilipiga kilichoandikwa! Mara kumi na moja, Ticha!"

Walirudi kwenye karatasi pamoja. Katika amri ile palikuwa na mstari mrefu mlalo kati ya neno na neno. Shibu aliweka kidole juu yake. "Hapa mimi nilipiga kistari."

"Hiki si kistari. Hii ni deshi. Deshi ni vistari viwili, bila nafasi kati yake. Hata mtu wa mtihani wa chini wa chapa anajua."

Ikaonekana hivi: Roy aliandika maelekezo yake kwenye programu ya barua, na programu zile zina tabia ya kuunganisha vistari viwili kuwa mstari mmoja mrefu, ili upendeze. Seva ilitaka vistari viwili. Kwenye taipureta hakuna mstari mrefu, kwa hiyo kila mpiga chapa wa zamani akiuona anagonga kistari mara mbili bila kufikiri. Ticha hakujua kwamba amesahihisha kitu. Shibu alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Wiki yake nzima ilikuwa imekwenda kwa kistari.

Kuanzia hapo kazi ikaenda. Siku ya tatu programu iliwaka kwenye seva yenyewe: ukurasa mweupe, sehemu ya bidhaa, sehemu ya stoo, sehemu ya oda. Chackochan akaagiza ndizi za kukaanga na chai kwa kiwanda kizima. Yeye ni mtu mnene mwenye haraka, na aliwahi kusoma kwa Ticha, akafeli mtihani wa chini mara mbili.

"Mnaona?" alituambia, ndizi mkononi. "Wahandisi wanakuja na kuondoka. Ticha Sarasamma ni yuleyule. Huyu mama hajakosea herufi tangu nizaliwe!"

Kilichobaki ilikuwa kuziunganisha kompyuta nyingine tisa: mbili za ofisini, tatu za stoo ng'ambo ya uwanja, nne za kufungasha. Shibu alikuwa ameshatandaza nyaya. Kila kompyuta ilitakiwa kuandikiwa namba ya seva, ijue pa kuitafuta. Kwa kuwa Ticha ana mkono mwepesi, akapewa hiyo kazi pia. Namba ilikuwa 192.168.1.20. Aliipiga kwenye mashine zote tisa kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, akakunja miwani, akaenda zake.

Hakuna iliyoiona seva. Hata moja.

Kama ingekuwa moja au mbili, labda watu wangefikiri. Zilipokataa zote tisa, Chackochan alifikiri jambo moja tu, nyaya, na nyaya zilikuwa za Shibu. Shibu naye alifikiri hivyohivyo. Alipanda darini akakaa siku mbili, akifuata kila waya kwa tochi na kubana upya kila ncha. Alishuka na vumbi la panya kwenye nyusi. Akaenda kwenye kompyuta ya stoo, akasoma ile namba kwenye kioo, akailinganisha na karatasi. Sawasawa. Basi akapanda tena.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Chackochan alikuwa ametoka kuzungumza na mwenye duka wa Kozhikode kwenye simu, na hasira ya kule akaja nayo huku.

"Wiki moja ulipoteza kwa kistari. Sasa nyaya. Wewe umeme ulisomea wapi, kwenye kibanda cha pombe ya mnazi?"

"Bosi, nyaya ni nzima. Nimezikagua zote."

"Kama ni nzima, mbona hazipitishi kitu?"

"Sijui."

"Hujui. Ticha amefanya kazi yake bila kelele. Wewe unajua kupanda na kushuka tu. Nenda nyumbani, Shibu. Nikikuhitaji nitakuita. Kuna mtu wa Kochi atakuja baada ya sikukuu ya Vishu."

Shibu aliweka bisibisi zake kwenye mkoba mbele yetu sote, moja moja, akatoka. Ticha hakuwapo. Habari alizipata Jumapili kwa njia ya watu: Jalaja alimwambia muuza samaki, muuza samaki akamwambia Divakaran. Ticha alisema, "Maskini, na alijitahidi," akaendelea kuchambua mchele.

Jumatatu asubuhi alikuwa na mwanafunzi mmoja tu. Anirudhan ni karani wa ofisi ya ardhi, mtu wa miaka arobaini na zaidi, ambaye hapandi cheo bila kufaulu chapa. Alikuwa kwenye taipureta kubwa iliyo karibu na dirisha, akihangaika na tarehe.

"Ticha, hii mashine haina kitufe cha moja."

"Haina. Tumia herufi eli ndogo. Mashine hizi za zamani waliona kitufe cha moja ni hasara, kwa sababu eli na moja zinafanana."

Sentensi hiyo alikuwa ameisema labda mara elfu mbili maishani. Safari hii, Anirudhan anasema, alibaki amesimama na chaki mkononi. Kisha akaenda kwenye moja ya kompyuta zake, akakaa, akafumba macho, akapiga: mia moja tisini na mbili, nukta, mia moja sitini na nane. Akafumbua macho akatazama mkono, si kioo. Kidole cha pete cha mkono wa kulia kilikuwa kimekaa juu ya eli. Kitufe cha moja kiko juu kabisa upande wa kushoto, na hakuna kidole chake kilichokuwa kimefika huko.

Akarudia. Kidole kikashuka palepale.

Katika kurasa zile arobaini na sita tarakimu zilikuwa chache, na kwa bahati hakuna iliyokuwa moja. Mahali pekee palipokuwa na moja ni kwenye namba ya seva. Mara tatu kwa kila mashine, mashine tisa, na kote alikuwa amepiga eli.

"Ticha, unaumwa?" Anirudhan akauliza.

"Endelea na tarehe," akasema. Akaingia chumba cha nyuma kunawa uso, akakaa humo mpaka saa ya mazoezi ya Anirudhan ikaisha.

Nyumbani walikuwa na muhogo wa kuchemsha na mchuzi wa samaki. Alimweleza mumewe, maneno machache. Divakaran alitafuna kwanza.

"Hili ni jambo la dakika kumi," akasema. "Kesho kutwa unapita kiwandani kama unakwenda kuchukua miwani uliyosahau. Unazirekebisha. Mashine zinawaka. Chackochan anamwita Shibu, kila mtu anafurahi. Nani atajua?"

Ticha alimmiminia maji.

"Mama Sindhu, nakuuliza. Nani atajua?"

"Shibu atarudi kazini akiwa mtu ambaye nyaya zake zilikataa siku tatu na hajui kwa nini."

"Watu wanasahau."

"Mimi nimekula kwa jina la kutokosea miaka thelathini, baba Sindhu. Wakisikia, nani ataniletea kazi ya chapa tena?"

Divakaran alidhani sasa mkewe amekubaliana naye, akaongeza mchuzi. Anasema alishangaa kesho yake alipomwona anavaa viatu saa moja asubuhi.

"Unakwenda wapi? Leo ni hartal!"

Na kweli, chama kimoja kilikuwa kimeitisha mgomo, sikumbuki kwa sababu gani. Maduka yalikuwa yamefungwa, basi hakuna, hata bajaji hakuna. Ticha alichukua mwavuli wake akatembea kwa miguu mpaka Thumpoli, karibu na bahari, anakoishi Shibu. Barabara ilikuwa tupu, na vijana walikuwa wakicheza kriketi katikati yake.

Mke wa Shibu, Lissy, alimfungulia. Alimkaribisha kwa adabu lakini hakutabasamu. Shibu alikuwa uani, amepasua feni ya jirani.

"Karibu, Ticha. Umekuja kwa miguu? Lissy, lete chai ya rangi."

"Chai baadaye. Shibu, nyaya zako ni nzima. Kosa ni langu."

Akamweleza. Shibu alisikiliza, waya wa feni mkononi. Alipoelewa hakusema, "Si neno, Ticha." Watu waliposimuliana baadaye walipenda kusema kwamba alisema hivyo, lakini hakusema.

"Siku mbili," akasema. "Siku mbili nimelala kifudifudi na panya. Nimekuja nyumbani nimemwambia mke wangu labda kweli sijui kazi. Unanielewa? Nilimwambia hivyo mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Nakuelewa."

"Na ile namba niliisoma! Niliisoma kwenye kioo nikaona iko sawa."

"Zinafanana. Usingeona."

"Wewe ndiye ungeona. Kama ungetazama kioo hata mara moja."

 Lissy alileta chai, akaiweka, akakaa karibu ili asikie mwisho.

"Kamwambie Bosi," Shibu akasema. "Si pembeni. Mbele ya watu, kama alivyoniambia mimi."

"Ndiyo nilivyokusudia. Leo wapo?"

"Wapo. Lango limefungwa lakini ndani wanafungasha. Yule hafungi kwa hartal hata iwe ya nani."

Walikwenda pamoja, Shibu akisukuma baiskeli upande wa pili wa barabara. Sisi tulikuwa kama ishirini, tulioweza kufika kwa miguu. Mlango mdogo ulipofunguliwa na Shibu akaingia nyuma ya Ticha, mikono yetu ilisimama.

"Chacko," Ticha akasema. Sisi hatujawahi kumsikia mtu akimwita hivyo. "Nyaya za Shibu hazina kosa. Mimi niliandika namba vibaya kwenye mashine zote tisa."

Chackochan alimtazama, akamtazama Shibu, kisha akacheka.

"Ticha, una moyo mzuri. Lakini usinidanganye. Amekuja kukulilia nyumbani kwako, sivyo?"

"Mimi ndiye niliyekwenda kwake."

"Ticha hakosei. Nimekaa kwenye darasa lako miaka miwili."

"Na nikakufelisha mara mbili. Ningekuwa na moyo mzuri ungefaulu."

Wasichana wa kufungasha waliziba midomo. Chackochan hakucheka tena, lakini bado hakuamini. Hilo ndilo lililomtesa Ticha kuliko yote, nadhani. Alikuwa ametembea asubuhi nzima kuja kukiri kosa, na kumbe hakuna wa kulipokea. Akavuta kiti kwenye kompyuta ya kufungasha.

"Njoo. Usitazame kioo, tazama kidole hiki. Nisomee namba."

"Mia moja tisini na mbili," Chackochan akaanza, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa.

Kidole kikashuka. Tuliokuwa karibu tuliona. Akamwambia asome tena, kikashuka tena. Alikuwa akikiruhusu, unaweza kusema, na uso wake ulikuwa umekauka kabisa. Kisha akafuta, akanyoosha mkono wa kushoto, akatafuta kitufe cha juu kwa macho kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, akasema kwa sauti, "Moja. Juu." Akaandika namba yote hivyo, polepole, kwa kidole kimoja.

"Shibu, hii ni sawa?"

Shibu aliinama akaangalia karibu kabisa. "Sawa."

Ukurasa mweupe ukafunguka. Bidhaa, stoo, oda. Mmoja wetu akapiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Walizunguka mashine nane zilizobaki wao wawili, mmoja anapiga, mwingine anasoma kioo. Chackochan alisimama uwanjani akijipepea kwa kipande cha kadibodi. Walipotoka stoo, akamwambia Shibu, "Haya, kesho saa mbili."

"Kesho saa nne," Shibu akajibu. "Nina feni ya mtu."

Ikawa saa nne. Msamaha Chackochan hakuuomba, wala Shibu hakuudai, ila mtu wa Kochi alipigiwa simu asije.

Msimu ule miavuli ya masikio ya paka ilikwenda kwa walioiagiza. Programu ilikuwa na mambo yake: kwa mwezi mzima ilihesabu mipini kama vile kila mwavuli una miwili, mpaka Jalaja alipogundua ni yeye aliyejaza hivyo. Washonaji wa majumbani walianza kupata karatasi iliyochapwa badala ya kipande cha gazeti, na wengine waliilalamikia kwamba gazeti lilikuwa na habari nyuma yake.

Jina la Ticha halikuporomoka kama alivyoogopa, ingawa lilibadilika. Mjini walisema, "Hata Sarasamma alikosea," kila mtu alipotaka kujitetea. Alilisikia mara nyingi, kwenye foleni ya maziwa, kwenye ofisi ya posta, na hakuwahi kugeuka. Anirudhan alifaulu mtihani wake. Mwaka uliofuata shule ilibaki na wanafunzi wawili, na mwenye nyumba alipotaka ghorofa yake kwa ajili ya duka la simu, Ticha alimpa ufunguo bila mabishano.

Wakati huo alikuwa na kazi nyingine. Chama cha ushirika cha wasokota kamba za usumba huko Kanjikuzhi kilisikia habari za kiwanda chetu, kikataka programu ile ile kwenye seva yake. Kikamwita Shibu kwa nyaya, Shibu akasema haji bila Ticha. Baada ya chama kile likaja duka la dawa za mitishamba, kisha kiwanda cha barafu. Utaratibu wao haujabadilika. Siku ya kwanza hawagusi mashine. Ticha anakaa na karatasi na kalamu nyekundu, anazisoma tangu mwanzo mpaka mwisho, na kila asipoelewa anauliza.

"Hii amri inafuta nini?"

"Inafuta ya zamani, Ticha."

"Ya zamani ipi? Kama bado wanaitumia?"

"Mwandishi kasema ifutwe."

"Namuuliza mwandishi? Nakuuliza wewe."

Mara nyingine Shibu naye hajui, inabidi wamtafute mtu wa kumuuliza, na wenye kazi wanalalamika kwamba siku inapotea. Wanagombana sana, hasa kuhusu urefu wa kiti. Kule kwenye kiwanda cha barafu, kwa kusoma tu, aliikuta amri iliyokuwa ifute orodha yote ya wateja, imenakiliwa kimakosa kutoka maelekezo ya mahali pengine. Aliipigia mstari mwekundu, akaendelea na ukurasa uliofuata.

Juzi nilimwona kituo cha basi cha Kalavoor, mkoba wa karatasi kwapani. Nikamuuliza anaelekea wapi. Akasema Cherthala, kiwanda cha kukausha kamba wa baharini, seva yao imefika jana. Shibu ametangulia kupima urefu wa nyaya. Basi likaja, limejaa, akapanda kwa mlango wa mbele, ule wa wanawake.